Kutwa Visiwani kwa Boti Ndogo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wale wanaotaka kutoka nasi Kunduchi asubuhi na kurudi jioni, baada ya kutazama viumbe wa baharini na wa visiwani vya Dar es Salaam. Tumeyapanga kwa jinsi maswali yanavyotufikia kwenye simu. Mwenye haraka asome jibu la pili, maana mengine karibu yote yanatoka humo.

Hii ni safari ya namna gani?

Ni matembezi ya siku moja kwa boti ya abiria wasiozidi kumi na wawili, pamoja na nahodha, baharia mmoja na mwongozaji. Tunazunguka visiwa vya kaskazini mwa jiji, tunashuka mahali pawili au patatu, tunatembea, tunaogelea, tunaingia kwenye mikoko. Muziki hatupigi. Wanaotaka spika na kucheza boti zao zipo, na wanafurahi sana humo. Ila ndege wa ufukweni hawakai karibu na spika.

Tunaondoka saa ngapi?

Muulize mwezi. Hilo si fumbo. Maji ya bahari ya Dar es Salaam hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika chache. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Kwa hiyo ratiba ya Jumamosi hii haifai Jumamosi ijayo, na anayekuuzia safari ya viumbe yenye saa zilezile mwaka mzima anakuuzia upepo.

Siku za bamvua, maji hupwa sana na kujaa sana. Tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita tatu. Kwa pwani yetu, kupwa kwa bamvua huangukia kati ya saa nne asubuhi na saa sita mchana, nako kujaa huwa alasiri na alfajiri. Hapo tunaondoka saa mbili asubuhi, tunafika Fungu Yasini maji yakiwa yanatoka, tunatembea kwenye mchanga na madimbwi ya mawe. Maji yakianza kurudi tunavuka hadi Mbudya kuogelea. Saa tisa alasiri, yakikaribia kujaa, boti inaingia kwenye hori ya Kunduchi, yaani mkono mwembamba wa bahari, katikati ya mikoko, mahali ambapo saa tano zilizopita palikuwa na tope tupu.

Siku za maji mafu mambo hugeuka. Maji hujaa asubuhi, tena kwa kiasi, na hupwa kidogo tu alasiri. Tunaanza na mikoko saa tatu, halafu tunakwenda kuogelea. Matembezi ya miambani hayapo, kwa sababu miamba haitoki majini. Faida yake ni kwamba mkondo huwa mpole na mara nyingi maji huwa meupe zaidi, jambo linalomfaa anayeogelea na miwani kwa mara ya kwanza.

Nitajuaje mwenyewe siku za bamvua?

Kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa dukani inatosha. Bamvua huja karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa kawaida ikichelewa kwa siku moja au mbili: tarehe 1 hadi 4, na 15 hadi 18. Maji mafu huwa karibu na tarehe 8 hadi 10 na 23 hadi 25. Wavuvi wa Kunduchi hawahitaji programu ya simu kwa hili, na akina mama wanaochokoa pweza pwani nzima hupanga kazi zao kwa hesabu hiyohiyo. Mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, jua, mwezi na dunia hujipanga katika mstari, na mvuto wa jua huungana na ule wa mwezi. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo miwili huvutana pembeni na nguvu hupungua.

Chapa za majedwali ya maji zinapatikana pia, na nahodha wetu anayo moja chini ya kiti. Huitazama ili kuhakikisha kwamba imepatia.

Tutapita visiwa gani?

Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini vyote ni maeneo tengefu ya bahari tangu mwaka 1975, na sasa yako chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994. Kwa siku moja hatuendi vyote vinne. Atakayekwambia ameviona vyote kwa kutwa moja amekiona kila kimoja kwa mbali.

Mbudya ndicho tunachokaa zaidi. Kina mibuyu, mivinje, vichaka vya miiba, ufukwe mweupe upande wa bara, na miamba ya matumbawe pembeni. Watu wengi hawaivuki mistari ya mabanda ya makuti. Sisi tunavuka, kwa sababu hatua chache nyuma ya mabanda kuna jiwe kali lenye matundu, na ukiinama utaona maumbo ya matumbawe ndani yake: ubongo, matawi, mizunguko. Kisiwa chenyewe kilikuwa mwamba hai chini ya maji zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo. Bahari ikashuka, mwamba ukabaki juu ukikauka, mbegu zikaja na ndege na maji. Tunapenda watu wakae na jambo hilo kidogo kabla ya kwenda kuogelea, maana ukishaliona, unaogelea ukijua kuwa chini yako kisiwa kingine kinajengwa.

Pangavini tunakizunguka bila kushuka. Kingo zake zimeliwa na mawimbi kwa chini hadi zimening'inia, na pa kutia mguu ni padogo.

Fungu Yasini ni fungu la mchanga lisilo na kivuli. Wanaopenda ndege hulipenda. Wanaopenda picha za harusi pia. Mafungu ya namna hii hayatulii, husogezwa na mawimbi. Mfano unaotajwa sana pwani yetu ni Maziwe, ng'ambo ya Pangani, kisiwa kilichokuwa na miti na leo ni mchanga mtupu unaofunikwa na maji yakijaa.

Bongoyo ni rahisi zaidi kwa anayetokea Msasani, takriban nusu saa kwa boti. Tunakwenda huko tu kundi likiomba.

Kwa nini boti ndogo?

Boti kubwa haiingii kwenye hori, na haisogei karibu na fungu bila kukwama. Kuna sababu ya pili, nayo ni nanga. Nanga ya boti kubwa ikiburuzwa juu ya matumbawe huvunja kwa dakika moja kilichokua kwa miaka mingi. Boti yetu tunaifunga kwenye boya pale lilipo, au tunatia nanga kwenye mchanga mtupu baada ya baharia kuchungulia chini kwa miwani. Utamwona akifanya hivyo. Usimharakishe.

Msimu gani ni mzuri?

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta joto na bahari inayopitika, ingawa upepo wa Januari unaweza kukushangaza. Kusi huvuma kwa nguvu kuanzia Mei hadi Septemba hivi. Asubuhi bahari hutulia, kuanzia saa sita huchafuka, na maji hubeba vumbi la chini hadi huoni mkono wako. Masika, Machi hadi Mei, mito ya Tegeta na Mbezi humwaga tope na taka za jiji baharini, na wakati huo hatutoi boti mara nyingi.

Ukituuliza sisi, njoo Oktoba, Novemba au Februari. Ni vipindi ambavyo upepo hulegea, na kuanzia Septemba ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia wanakuwa wamewasili. Joto la maji juu huanzia nyuzi 25 Agosti hadi karibu nyuzi 30 Machi, kwa hiyo baridi si sababu ya kukaa nyumbani. Watu wa Arusha husema maji yetu ni ya kuogea.

Sijui kuogelea. Nije?

Njoo. Wapo wakazi wengi wa jiji hili wanaoishi mita chache kutoka baharini na hawajui kuogelea, na hatuoni cha kuficha hapo. Kila abiria huvaa jaketi okozi tangu boti inapoondoka mpaka inapofika, mjuzi na asiyejua. Hilo halina mjadala, hata kama wewe ni mwanajeshi wa majini. Kwenye kina kifupi cha Mbudya utalala kifudifudi ukiwa umevaa jaketi, miwani usoni, mrija mdomoni, na baharia ameshika kamba iliyofungwa kwenye boya lako. Wengi hupumua kwa hofu dakika tano za kwanza, kisha husahau kuwa wamo majini.

Kabla hujapanda boti yoyote, yetu au ya mwingine, tazama mambo matatu: jaketi zinatosha idadi ya watu na zinafungika, chombo kimekaguliwa na TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, na kina cheti, nahodha hajalewa. Hayo yakikosekana rudi nyumbani, hata kama umeshalipa.

Tutaona nini hasa?

Tuanze juu. Kwenye Fungu Yasini, kati ya Septemba na Aprili, kuna sululu mwenye mdomo mrefu uliopinda, kuna shakwe, na makundi ya ndege wadogo wanaokimbizana na ukingo wa wimbi. Wamesafiri maelfu ya kilomita na wako hapo kula na kupumzika. Ukiwakimbiza ili upate picha wakiruka, umewanyima chakula cha saa nzima. Tunakaa mbali na kuzungusha darubini mkono kwa mkono.

Kwenye madimbwi ya mawe wakati wa kupwa: viti vya pweza (viumbe wa umbo la nyota), jongoo bahari, kaa wa kila umbo, mikunga wadogo wanaotoa kichwa na kukirudisha, konokono, na pweza mwenyewe kama una macho. Pweza hubadili rangi na hata mikunjo ya ngozi kwa kufumba na kufumbua. Njia ya kumpata ni kutafuta rundo la magamba na vichwa vya kaa mlangoni kwa shimo; hayo ndiyo mabaki ya mlo wake. Tunatembea kwenye mchanga na mwamba mfu. Matumbawe hai hatuyakanyagi, na mwongozaji atakuonyesha tofauti kabla hujaweka mguu.

Chini ya maji, jambo la kwanza utakalolijua ni sauti. Wageni hudhani injini inavuja. Ni mlio kama wa vitunguu vinavyokaangwa, na hutoka kwa kamba wadogo sana ambao hufyatua gando lao moja kwa kasi hadi povu hupasuka majini. Mwamba wenye mlio mwingi kwa kawaida una uhai mwingi. Kisha utamsikia pono: ana meno yaliyoungana yakawa mdomo mgumu, hukwangua mwani kwenye mwamba, humeza na jiwe, halafu hulitoa kwa nyuma likiwa mchanga mweupe. Sehemu ya ufukwe uliolala juu yake asubuhi imepita tumboni mwake. Watoto hulipenda jibu hili kuliko yote na hulirudia nyumbani wakati wa chakula, samahani kwa wazazi.

Utaona changu, tasi, samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wanaoishi ndani ya mikono inayowasha ya kiumbe laini kisichosogea, chewa aliyejificha chini ya jiwe, taa aliyezikwa mchangani hadi macho. Kasa huonekana mara mojamoja kwenye majani ya bahari. Majani hayo, kwa taarifa yako, si mwani: yana mizizi na hutoa maua chini ya maji.

Kwenye hori, mikoko. Watu husema "mikoko" kwa jumla, lakini mzee wa Kunduchi atakutenganishia. Mkoko wenyewe husimama kwa mizizi iliyopinda inayotoka shinani. Mchu hutoa mizizi wima, midogo, mingi, inayochomoza topeni ili ipumue. Mlilana hupenda mstari wa mbele unaopigwa na mawimbi. Mkandaa, magome yake hutoa rangi nyekundu ya kahawia ambayo zamani ilitiwa kwenye nyavu na tanga ili visioze upesi. Mkomafi una tunda kubwa la duara, na mti wake hutumika kutengenezea vyombo. Chini yao kaa dume wenye gando moja kubwa hupunga mkono kuwaita majike, na kuna samaki wanaotoka majini wakatembea topeni kwa mapezi. Injini tunazima. Tunasukuma kwa upondo.

Kuna kaa mkubwa Mbudya. Kweli?

Kweli. Kaa wa minazi yupo Mbudya. Ni mkubwa kuliko wanyama wote wa nchi kavu wenye miguu ya pingili. Mzima anaweza kufika kilo nne, na miguu yake ikinyooshwa hukaribia mita moja. Huanza maisha baharini akiwa kiluwiluwi, hutoka nchi kavu, na akishakua huzama maji kama mtu asiyejua kuogelea. Hukua polepole sana, kwa hiyo kumla mmoja ni hasara ya miongo.

Mchana hukaa ndani ya matundu ya jiwe, na safari yetu ni ya mchana. Kwa hiyo huenda usimwone. Tunakuonyesha matundu na maganda ya nazi yaliyochanwa. Mtu akija na fimbo kutaka kumtoa, tunamrudisha kwenye boti.

Pomboo, nyangumi, papa potwe, nguva, silikanti?

Pomboo: mara kwa mara, hasa asubuhi bahari ikiwa shwari. Hatuwakimbizi, wakitaka wenyewe huja mbele ya boti. Nyangumi wenye nundu hupita pwani ya Tanzania kati ya Julai na Novemba wakija kuzaa, ila hupita nje zaidi, na sehemu kubwa ya kipindi hicho ni msimu wa kusi, hivyo usilipie safari yetu kwa ajili yao. Papa potwe, nenda Mafia kati ya Oktoba na Machi. Nguva ni wachache mno, na habari zao ni za Rufiji na Mafia. Silikanti, samaki yule wa kale, hukaa zaidi ya mita mia moja chini, na Tanga ndiko alikotengewa hifadhi yake. Kila mwaka kuna mtoto mmoja aliyemsoma shuleni na anakuja na matumaini. Tunamweleza ukweli mapema.

Mbona mahali pengine matumbawe ni vifusi vitupu?

Kuna sababu mbili, na tunazionyesha zote kwa sababu safari inayokupeleka penye rangi pekee inakuficha nusu ya habari.

Kwanza, mabomu. Uvuvi wa baruti ulianza pwani yetu tangu miaka ya 1960 na uliendelea kwa miongo, hata karibu kabisa na jiji. Baruti huua samaki wakubwa kwa wadogo, wengi huzama bila kuokotwa, na mwamba husagika. Tatizo la vifusi ni kwamba havitulii: mawimbi huviviringisha, na tumbawe changa likishika juu yake hupinduliwa likafa. Ndiyo maana shimo la bomu la zamani linaweza kubaki jangwa mpaka leo. Mabomu yamepungua mno tangu serikali ilipokaza katikati ya miaka ya 2010.

Pili, joto. Tumbawe ni mnyama, na ndani ya nyama yake kuna mwani mdogo sana unaompa chakula na rangi. Maji yakizidi joto lao la kawaida kwa nyuzi moja au mbili kwa wiki kadhaa, tumbawe huutoa mwani huo na kubaki jeupe. Joto likiondoka upesi, hupona. Likikaa, hufa. Mwaka 1998, mwaka wa El Niño, matumbawe yalipauka karibu pwani nzima ya Afrika Mashariki. Yenye matawi hukua haraka, hata sentimita kumi kwa mwaka, kwa hiyo hurudi kwanza. Yale makubwa ya duara hukua sentimita moja hivi kwa mwaka. Ukiona moja lenye urefu wa mtu, lilikuwepo kabla babu yako hajazaliwa.

Naweza kuokota kombe moja tu la kumbukumbu?

Hapana. Wala kauri, wala kiti cha pweza, wala kipande cha tumbawe lililokufa. Ndani ya eneo tengefu ni kosa kisheria kuvua na kuchukua viumbe na magamba yao. Halafu gamba tupu lina mpangaji: kaa wasio na gamba lao huingia humo, na wakikosa huliwa.

Nivae nini?

Nguo nyepesi za mikono mirefu, kofia inayofungwa, na viatu vya maji. Yeboyebo zinafaa zikibana vizuri. Raba kuukuu zinafaa zaidi. Kandambili hapana. Anayejistiri avae dera fupi juu ya suruali ya kubana au vazi la kuogelea la mwili mzima; dera refu majini hufunga miguu. Jua hupita utosini kabisa mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, na siku hizo hata mweusi tititi huungua. Jua la majini hutoka juu na chini. Kitambaa kinakinga kuliko mafuta, tena hakichafui maji.

Ni kitu gani kinaweza kunidhuru?

Jua na kiu kwanza, hayo mengine baadaye. Beba maji lita mbili.

Kuna viumbe weusi wa duara wenye miba mirefu myembamba. Ukikanyaga, miba huvunjikia ndani. Usichimbe kwa pini. Kuna samaki anayefanana na jiwe, amelala chini, mwenye miba ya sumu mgongoni. Anauma vibaya sana. Tiba ya kwanza ni kutumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kuvumilia bila kuungua, dakika thelathini hadi tisini, kisha hospitali. Ndiyo maana kwenye boti kuna chupa mbili za chai, na ile nyekundu haina chai. Usiifungue kutafuta kikombe.

Konyeza akikuwasha, suuza kwa maji ya bahari, usisugue, usitumie maji ya bomba. Konokono wenye gamba la umbo la pia, wenye michoro ya kuvutia, usiwashike kabisa: baadhi yao huchoma kwa mshale wenye sumu inayoweza kuua mtu, na sumu hiyo haina dawa ya kuipoza. Taa, buruta miguu mchangani unapotembea. Atakusikia na kuondoka.

Papa? Hatujawahi kuwa na sababu ya kuwaandikia jibu refu.

Moyo ukinichafuka je?

Kula kidogo, mkate na chai ya tangawizi, usije na tumbo tupu wala na supu ya makongoro. Kaa katikati ya boti, mbali na moshi wa injini, tazama upeo wa bahari badala ya simu. Dawa humezwa kabla ya kupanda, kwa ushauri wa mfamasia. Ukishaanza kutapika imechelewa. Ukitapika, tapika upande ambao upepo unaelekea. Jirani yako atakushukuru.

Chakula?

Mbudya kuna wanaokaanga samaki, chipsi na kachumbari, na madafu. Agizeni mkifika, mle mkitoka majini, maana moto ni mmoja na watu ni wengi. Tunaomba usinunue pweza mdogo wa chini ya nusu kilo. Sheria ya uvuvi inamkataza, na huyo hajazaa bado. Ukija na chakula chako, kije kwenye hotpoti au ndoo yenye kifuniko. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na kisiwani hakuna wa kuzoa. Kilichoingia kwenye boti kinarudi kwenye boti.

Swala na choo?

Vyoo vipo Mbudya, vya kawaida. Fungu Yasini hakuna hata kichaka, jiandae. Adhuhuri mara nyingi hutukuta Mbudya. Kibla kutoka hapa ni kaskazini karibu moja kwa moja. Mwezi wa Ramadhani tunatoa safari fupi ya mikoko tu.

Watoto, wazee, wajawazito?

Watoto kuanzia miaka sita, kila mmoja na mtu mzima wake. Mjukuu mmoja na bibi mmoja ni mpango mzuri kuliko watoto wanne na dada wa kazi. Kupanda na kushuka ni kwa kukanyaga maji ya magotini, kwa hiyo bibi au babu mwenye magoti yasiyokubali atuambie mapema tutafute ngazi na siku ya maji mafu. Mama mjamzito, hapana kwa safari ya visiwani wakati wa kusi, boti hurukaruka. Hori pekee, sawa.

Kiingilio kinalipwaje?

Kiingilio cha eneo tengefu ni cha serikali, kinalipwa kwa namba ya malipo, na hakimo kwenye nauli yetu. Viwango hubadilika, hatuviandiki hapa. Mtanzania hulipa pungufu ya mgeni, hivyo beba kitambulisho cha NIDA. Omba risiti. Mtu wa ufukweni akikuomba kiingilio taslimu mkononi bila risiti, hicho si kiingilio.

Kupiga picha?

Ruhusa, ila simu iingie kwenye mfuko usiopitisha maji unaoelea. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na hata ukiwa nacho hatuirushi juu ya Fungu Yasini ndege wakiwepo.

Nafikaje?

Daladala za Tegeta, shuka Mtongani, kisha bodaboda au bajaji hadi ufukweni. Wenye magari, foleni ya Bagamoyo Road asubuhi ya Jumamosi ni ndogo. Ya kurudi jioni mtaijua wenyewe. Fika nusu saa kabla. Maji hayasubiri, na tukichelewa kwa dakika arobaini siku ya bamvua matembezi ya fungu yanakuwa yameliwa nusu.

Upepo ukibadilika, pesa yangu?

Nahodha ndiye anayeamua, asubuhi ile ufukweni, baada ya kuangalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa na bahari yenyewe. Akisema hatuendi, hatuendi, na mwongozaji hana kura. Unachagua kati ya kurudishiwa nauli yote au kuhamishiwa siku nyingine ya maji yanayofanana, ambayo kwa kawaida ni wiki mbili baadaye. Bahari ikichafuka tukiwa tayari njiani, tunajificha upande wa bara wa Mbudya hadi itulie au tunarudi mapema. Hapo nauli hairudi, ila safari ya hori unapewa bure siku utakayopenda. Piga simu jioni ya kuamkia safari, kabla ya saa tatu usiku. Baada ya hapo nahodha amelala.